Nimepata kazi ya hadiwea, lakini kijana wangu atasomeshwa na nani?

Dada, hujambo. Mimi nakaa Kiamunyi hapa Nakuru, ni mama wa watoto watatu, na naandika nikiwa jikoni saa tano usiku juu hapa ndio mahali pekee naeza shika simu bila mtu kuuliza naongea na nani. Utanisamehe nikichanganya mambo.

Mwaka wa 2023 nilikuwa karani wa hesabu kwa duka moja la jumla mjini. Sikuwa nalipwa vibaya. Kijana wangu wa katikati alikuwa Gredi ya 1 na alikuwa anarudi nyumbani na vidole vimevimba, ukimuuliza anasema alianguka. Siku moja nikatoka kazi mapema nikaenda kumchukua, nikasimama kando ya dirisha la darasa nikimngoja, nikasikia mwalimu akimwambia mbele ya wenzake, wewe ni mzigo, unarudisha darasa lote nyuma. Kosa lake lilikuwa kutojua kusoma neno "kikombe". Sikuingia. Nilirudi hadi kwa geti nikalia, nikapanguza uso, ndio nikarudi kumchukua. Hiyo wiki hiyo hiyo nikamtoa, na dada yake aliyekuwa Gredi ya 3 pia nikamtoa, nikaandika barua ya kuacha kazi, na tangu hapo nawasomesha mimi mwenyewe nyumbani. Mzee hakupinga, wakati huo alikuwa na kazi nzuri kwa kiwanda.

Sitakudanganya ati ilikuwa rahisi lakini dada, nimeona vitu. Tulipelekana Hyrax Hill siku moja wakaona lile bao la watu wa kale limechongwa kwa mwamba, kijana akaweka vidole kwa kila shimo akihesabu, tukarudi nyumbani akanisumbua hadi tukachimba mashimo nyuma ya nyumba na sahi tunacheza kwa maharagwe. Hesabu zake zote amejifunzia hapo. Kusoma ndio kulichelewa. Alafu mwaka huu mwezi wa tano tukiwa steji tukingoja gari ya tao, akaanza kusoma maandishi nyuma ya matatu, kidole kikifuata hewani, "Mu... ngu... ha... la..." na matatu ikaondoka kabla amalize. Akalia pale steji watu wakidhani nimemchapa. Alikuwa analia juu alitaka kumaliza neno.

Sasa shida. Kiwanda kilipunguza watu mwaka jana na mzee alikuwa mmoja wao. Sahi anaendesha tuktuk ya mtu, akishatoa ya mwenyewe na mafuta anakuja na 700, siku ikiwa nzuri 1,000, kuna siku analeta mkate tu. Nyumba ni 13,000. Sacco tunalipa 9,400 kila mwezi, mkopo wa ploti tuliochukua mambo yakiwa mazuri. Kuna stima, kuna maji ya kunywa ya mitungi juu ya borehole yetu ina floraidi na sitaki meno ya watoto yaharibike, kuna kitinda mimba wa miaka mitatu anakula kama mtu mzima.

Na kuna kitu mzee hajui. Nina deni kwa app tatu za mkopo, ukijumlisha zote ni 38,000. Nilianza na 3,000 ya kununua vitabu vya Gredi ya 5 vya msichana. Kijana akapata shida ya kifua nikachukua ingine ya dawa. Ingine nililipa chama juu niliona aibu kuwaambia wenzangu sina. Ya mwisho ilikuwa ya kulipa ya kwanza, unajua vile hizo vitu huenda. Wananipigia simu. Nimewasevu kwa jina la Mama Mboga ndio mzee akiona simu inaita asishtuke.

Wiki mbili zimepita, mwenzangu wa zamani akaniambia kuna hadiwea mjini inatafuta mtu wa hesabu. Nikaenda, mwenyewe akaniuliza maswali kidogo, akanipa kazi. 32,000, Jumatatu hadi Ijumaa saa mbili hadi kumi na moja na nusu, Jumamosi hadi saa nane. Nianze Jumatatu ile ile shule zinafungua Januari. Mzee alifurahi hadi akaimba. Yeye anasema watoto warudi shule ya serikali, shule ni shule. Mama mkwe naye anasema nilisoma nikae nyumbani kuhesabu maharagwe? Alafu kuna kina mama wenzangu wanne wa kusomesha nyumbani, huwa tunakutana kila Jumatano kwa mmoja wetu watoto wasome pamoja. Nilipowaambia, mmoja akanyamaza, mwingine akasema sasa umechagua pesa.

Lakini kilichonimaliza ni kijana. Alisikia tukiongea na baba yake. Akaja usiku kwa kitanda akaniuliza, nikirudi shule nitakuwa mzigo tena?

Dada, nichukue hii kazi ama niiwache? Na nikiichukua, huyu mtoto nitamwambia nini? Pia naogopa, nimekaa nje miaka miwili na nusu, siku hizi kila kitu ni sistemu na hiyo eTIMS ya risiti, mimi niliwacha watu wakiandika risiti kwa mkono.

Mama Watatu, Kiamunyi


Mama Watatu,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, juu wewe ni mtu wa hesabu na mimi kabla ya kuanza kujibu barua za watu niliuza mitumba Kibuye hapa Kisumu miaka tisa, so naona tutaelewana.

Wacha nianze na Mama Mboga. Nilicheka pole sana, alafu nikawacha kucheka. Mdogo wangu, hakuna mama mboga duniani anayepiga simu saa tatu usiku mara nne mfululizo kuuliza kama umenunua sukuma. Mzee wako ameendesha tuktuk mjini mwaka mzima, amebeba watu wa kila aina, mjinga si yeye. Ama tayari anajua kuna kitu na anangoja umwambie, ama siku moja hao wa app wataanza kupigia watu walio kwa simu yako, na wa kwanza kwa hiyo orodha anaweza kuwa mama mkwe. Unataka asikie kutoka kwa nani? Wazee walisema mficha uchi hazai, na wewe umeficha hadi unaandika barua jikoni gizani.

So hiyo ndio kazi ya kwanza na si ya Januari, ni ya wiki hii. Usimwambie ukilia na usimwambie akitoka tu kazini na njaa. Akishakula, watoto wamelala, toa daftari. Andika app ya kwanza pesa ngapi, ya pili pesa ngapi, ya tatu, na kando ya kila moja andika ulizichukua za nini. Vitabu. Dawa ya kifua. Chama. Hiyo safu ya kando ndio itakutetea kuliko maneno yote. Hakuna mahali umeandika nguo. Atakasirika, ndiyo, mwache akasirike, yeye pia alikosa kazi na hajapata mahali pa kukasirikia. Alafu mkubaliane hamchukui ingine hata ya 500, na ile chama uwaambie ukweli, kama ni chama cha maana watakungoja miezi mitatu. Kama hawatakungoja hukuwa na chama, ulikuwa na bili ingine.

Sasa kazi. Jibu langu ni ichukue. Lakini usiichukue ukidhani ni 32,000, juu naona mzee anaimba wimbo wa 32,000 na huo wimbo una makosa.

Kwa hiyo mshahara NSSF, ile akiba ya uzeeni, itatoa asilimia 6, hiyo ni 1,920. SHA, ile ya hospitali, ni asilimia 2.75, hiyo 880. Ya nyumba za serikali asilimia 1.5, hiyo 480. Baki utozwe ushuru, na ukishatolewa ile nafuu ya 2,400 unabaki kulipa kama 1,180. Itakayoingia kwa simu yako ni 27,540. Wewe ndio karani, hakikisha mwenyewe, lakini nimezipiga mara tatu. Alafu muulize huyo mwenye hadiwea kama hizo makato anazipeleka kweli, juu kuna waajiri wanakata kwa payslip na pesa inaenda kununua mabati. Wewe ukiwa ndio unashika vitabu utajua mwezi wa kwanza, huo ushuru wa mshahara, PAYE, unafaa kuwa umefika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kutoka hapo toa nauli. Sijui matatu za Kiamunyi ziko ngapi asubuhi lakini tuseme 120 kwenda na kurudi, siku 26, hiyo ni 3,120. Unabaki na 24,420.

Na hapa ndipo wamama wengi huangukia. Wanaandika dada wa kazi, kulipa, basi wanaendelea. Dada wa kazi kwa majiji yetu, na Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, kima cha chini cha serikali tangu Novemba 2024 ni zaidi ya 16,000. Najua, najua, utaniambia kila mtu analipa 8,000. Wengi hulipa hiyo. Lakini sitakuandikia hapa ati umlipe mtoto wa mama mwingine nusu ya sheria ndio wewe upate nafasi ya kufanya kazi, siwezi. Na ukilipa vile inafaa unabaki na kama 8,400, na kwa hiyo 8,400 umeacha watoto na mtu usiyemjua. Hapo ningekwambia kaa nyumbani ucheze bao.

Lakini wewe una kitu wengi hawana na nilikuwa nangoja uione mwenyewe kwa barua yako. Una kina mama wanne wa Jumatano. Tayari wako nyumbani, tayari wanasomesha, watoto wako wanawajua na nyumba zao wanazijua hadi choo kiko wapi. Yule alinyamaza ulipowaambia, mimi nafikiri huyo hakukasirika. Mtu akinyamaza hivyo mara nyingi anahesabu zake kichwani, labda pia kwake mambo ni magumu na hajui atatoa wapi. Nenda umuone peke yake, si siku ya Jumatano mbele ya wengine. Muulize kama anaweza kukaa na kijana na huyo mdogo kwake, pamoja na wake, bila kazi zako za nyumba, siku sita kwa wiki, unga na mboga zao unapeleka, na kila mwezi unampa 7,000 tarehe ile ile umelipwa. Usimwambie "nisaidie." Mwambie ni kazi, na umlipe kama kazi, hata akisema usijali. Akisema usijali mara mbili, lipa mara mbili haraka.

Kwa nini kijana na mdogo tu, na si wote watatu? Juu msichana ni kesi ingine kabisa na naona kama mmemsahau, barua yako imemtaja kwa vitabu tu. Nadhani ana miaka kama 11, amemaliza vitabu vya Gredi ya 5, Januari anaingia Gredi ya 6, na mwisho wa hiyo Gredi kuna mtihani wa KPSEA. Hapo alama 40 kwa 100 ndio zinatoka kwa mtihani, zile 60 zingine ni kazi wanafanyia shuleni Gredi ya 4, ya 5 na ya 6, walimu wanaziweka kwa mtandao wa KNEC, baraza la mitihani. Yeye za 4 na 5 hana. Usipanick, KPSEA haizuii mtoto kuingia Gredi ya 7, wanapita wote. Lakini ikifika Gredi ya 9 kwa mtihani wa KJSEA hiyo KPSEA inahesabiwa asilimia 20 na hapo ndio wanapangiwa shule ya kuanza Gredi ya 10. Ukimkalisha nyumbani mwaka mwingine anazidi kukosa. So huyo apelekwe Januari, shule ya serikali iliyo karibu, karo hakuna tangu 2003, utanunua yunifomu na kutakuwa na ya chakula cha mchana, weka 1,500. Alikuwa shule hadi Gredi ya 3 so namba yake ya UPI, ile ya kumtambua mwanafunzi, iko, itisha kule alikotoka hata kama hutaki kuwaona, mtume mzee. Na nina hakika huyo msichana akifika darasani watashangaa. Mtoto aliyefundishwa na mama mmoja mezani miaka miwili na nusu kwa kawaida anajua kusikiliza.

Kuna jambo moja hapa nitasema haraka nipite. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, kusomesha nyumbani haijafunguliwa mlango wazi. So yule mama aliyekuambia umechagua pesa, mwambie polepole tu hata yeye hajasimama mahali imara sana. Sheria hiyo hiyo pia inakataza mtoto kupigwa na kutukanwa shuleni, na ukiweka uliyosikia kwa dirisha pamoja na vile vidole vimevimba, naona ilikuwa yote mawili. Ungekuwa na nguvu ya kuingia siku hiyo ungeingia, sikulaumu, mimi pia kuna milango nilisimama nje.

Sasa tuje kwa kijana, hapa nitakaa kidogo.

Mtoto anayehesabu kwa bao haraka hivyo, anayetembeza kidole hewani akifuata herufi, anayelia juu neno limekimbia, huyo si mtoto mzito. Huyo ni mtoto anataka kusoma na kuna kitu kinamkatia barabara. Sijui ni nini na mimi si daktari. Inaweza kuwa macho, inaweza kuwa masikio, inaweza kuwa ile hali ya akili nzuri lakini herufi zinamchezea. Kwa barua yako yote sijaona mahali alipimwa. Serikali ina vituo vya kupima watoto wenye shida za kujifunza, vinaitwa EARC, viko chini ya Wizara ya Elimu na viko kila kaunti. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo hapo Nakuru ukaulize kilicho karibu, beba cheti cha kuzaliwa, beba pia daftari lake la zamani na la sasa waone tofauti. Watamwangalia, watakuandikia karatasi. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko unavyodhani. Siku atakaporudi shule, na nafikiri atarudi, labda muhula wa pili labda mwaka utakaofuata, hutaingia kwa ofisi ya mwalimu mkuu ukiomba huruma, utaingia na karatasi inayosema huyu mtoto anahitaji hiki na hiki. Mwalimu mwenye watoto 60 darasani akipata karatasi kama hiyo anajua pa kuanzia, asipoipata anasema mzigo. Sio kumtetea, ni vile mambo yalivyo.

So yeye Januari asirudi bado. Apimwe kwanza. Akae kwa mama wa Jumatano, na jioni ukirudi, hata kama miguu imekufa, dakika 40 ni zako na yeye. Siku zote hizo ulikuwa nyumbani, kusoma kwenyewe hasa kulichukua saa ngapi kwa siku? Ukitoa kupika, kufua, kumkimbiza huyu mdogo, nafikiri haikuzidi saa moja. Hiyo hadiwea haiichukui usipoipatia. Na Jumamosi ukitoka saa nane, mpeleke steji. Msimame tu mkisoma nyuma za matatu. Nakuru hazikosi maandishi, kuna zingine zimeandikwa hadi kwa bampa.

Alikuuliza kama atakuwa mzigo tena. Usimwambie hapana halafu uondoke, watoto hawaamini hapana ya haraka. Mwambie ulisikia yule mwalimu. Yeye hajui ulikuwa kwa dirisha, sivyo? Amebeba hiyo siku peke yake miaka miwili na nusu akidhani ni siri yake. Mwambie nilikuwa pale, nilisikia, na ndio maana nilikutoa. Kumbe mama yake alisikia na akachukua upande wake. Hiyo itamsaidia kulala kuliko ahadi yoyote utakayompa, na ukilia kidogo ukimwambia si mbaya.

Turudi kwa hesabu ndio nione kama nimekupotosha. 24,420, toa 7,000 ya mama wa Jumatano, toa 1,500 ya msichana, unabaki na 15,920. Hapo ndani kuna chakula cha hao watoto unachopeleka, lakini hicho hata wakiwa nyumbani wangekula. Miezi mitatu ya kwanza toa 13,000 kila mwezi kwa deni, ni 39,000, Mama Mboga ameisha, na ukiwapigia wewe kabla wakupigie kuna wengine hukubali kulipwa pole pole bila kuongeza. Zile siku mzee analeta 1,000 ziende nyumba na sacco. Itakuwa kukaba tumbo hadi Aprili, sitakuficha. Na ploti, kaeni chini na sacco muulize kama wanaweza kurefusha miaka ndio ile 9,400 ishuke, wengine hufanya hivyo mtu akionyesha amepoteza kazi, lakini muende mkiwa mmeandika, si kwa mdomo.

Kuhusu uoga wa eTIMS, ni risiti tu, zinatoka kwa mtandao wa KRA, mamlaka ya ushuru, badala ya kitabu cha kaboni. Ulishika hesabu za duka la jumla, wiki mbili utakuwa umeizoea, omba mtu aliyekuwa hapo akuonyeshe asubuhi mbili. Alafu nikwambie kitu cha kando. Siku hizi maduka mengi yanatakiwa kutoa hizo risiti na wenye maduka wengi hawajui hata pa kubonyeza. Hapo barabara ya Ravine kutoka Kiamunyi hadi mjini kuna maduka mangapi? Ukishaielewa vizuri, mwaka ujao unaweza kupata wateja watatu wanne wa kushikia vitabu jioni ama kutoka nyumbani kabisa, na hapo hadiwea utaibakisha ama utaiacha kwa kupenda kwako. Lakini si sahi. Sahi deni linataka mshahara wenye tarehe.

Na hebu nikuulize, tangu uache kazi 2023 ulikuwa unafaili ritani zako za KRA, hata za nil kwa mwaka ambao hukuwa na mapato? Kama hukufaili, ya 2023 ilikuwa mwisho Juni 2024 na ya 2024 ilikuwa mwisho Juni 2025, faini ni 2,000 kwa kila mwaka. Mwajiri atataka PIN yako ya KRA na mambo yakianza kuulizwa usishtuke. Angalia kabla ya kuripoti.

Mama mkwe sina la kumwambia. Akija mchezeshe bao na mjukuu wake, ashindwe.

Mwisho, huyo mwenye hadiwea mpigie kabla ya Ijumaa. Mwambie kazi umeikubali lakini utaanza Jumatatu ya pili, si ile ya kufungua shule, juu hiyo wiki ya kwanza una msichana wa kuandikisha, una yunifomu ya kutafuta na una kijana wa kupeleka kupimwa. Mwenye duka aliyekosa mtu wa hesabu Desemba nzima atangoja siku saba. Akikataa niandikie tena tuangalie, juu mtu anayekataa siku saba kwa mama wa watoto watatu, Jumamosi pia atakuja kuirefusha.

Dada yako, Kisumu